Wimbo wa Kuingilia Ukumbini

Kesho yake ilikuwa jubilei ya ndoa ya Mzee Yotham na Bibi Debora, miaka arobaini, na kazi ya kuchagua wimbo wa kuingilia ukumbini alipewa mjukuu wao, Priska. Mchana akafika nyumbani kwao Ipagala na spika yake ndogo, akaiweka dirishani, akafungulia wimbo.

Vinanda vya umeme vikaanza kumeremeta, ngoma zikidunda taratibu, bila haraka, kama gari zuri kwenye lami mpya. Mzee Yotham, aliyekuwa uani akinyoosha suruali ya sherehe, akasimama wima na pasi mkononi.

"Huu naujua! Debora, si ndio tuliocheza mwaka wa themanini na tano, ukumbi ule wa mjini, taa za rangi zinazunguka? Ulivaa gauni la mabega mapana."

Bibi Debora hakuinua uso kutoka kwenye ungo wa karanga. "Themanini na tano baba yangu alikuwa ananifungia mlango jua likizama. Ulicheza na nani?"

"Na wewe."

"Na nani, Yotham?"

Priska, ambaye kwa utani wa babu na mjukuu naye ni mke wa mzee, akadakia, "Mke mwenzangu, kumbe tuko watatu!"

"Basi kesho aingie na huyo wa tatu. Mimi nitakaa na wageni," alisema Debora.

Hakuwa anatania. Priska akaacha kucheka.

"Bibi, wimbo huu umetoka mwaka jana. Mtindo wake unaitwa sinthiwevu. Kijana ameutengeneza kwa kompyuta chumbani kwake, makusudi usikike wa zamani. Hata mimi nikiusikia nazikumbuka enzi ambazo sikuwa nimezaliwa."

"Haiwezekani," alisema Yotham. "Nakumbuka mpaka pafyumu."

"Pafyumu!" alisema Debora.

Yotham akaona amezidi kujichimbia shimo. Wimbo ukiwa wa zamani, kuna mwanamke. Ukiwa mpya, basi yeye, anayewasahihisha tarehe hata wazee wa kanisa, amechezewa na kompyuta. Akapekua kichwa chake. Ukumbi ule aliupita kwa baiskeli tu, akienda masomo ya jioni. Taa aliziona kupitia dirisha. Gauni lilikuwa kwenye jalada la kaseti ya rafiki yake. Debora mwenyewe alimpata kwenye kwaya. Wimbo ulikuwa umeviokota vyote hivyo, ukavishona, ukampa ujana mzima ambao hakuwa nao. Na ulikuwa ujana mtamu.

Akaiweka pasi chini. "Nimekosea."

"Sijasikia."

"Nimekosea, mama Silvano. Hatukucheza. Sikucheza na mtu yeyote."

Neno hilo Debora hakuwahi kulisikia kinywani mwake tangu wafunge ndoa. Akapuliza maganda ya karanga, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Priska, rudishia mwanzo. Tunaingia na huu huu." Akamshika mumewe mkono, akamvuta katikati ya ua. "Haya, cheza. Siku nyingine ukisema tulicheza, iwe kweli."