Bastola ya Meja wa Televisheni

Taisia alirudishiwa bastola ya filamu saa tisa alasiri, na kabla hajaiweka kabatini mkono wake ulishajua. Nyepesi mno. Ya mbao! Ile ya waigizaji kukimbia na kuanguka nayo. Ya chuma, ambayo mafundi waliirekebisha ipige baruti tupu, haikuwepo. Akahesabu maganda haraka. Asubuhi alitoa risasi nane za baruti, yaliyorudi ni maganda saba.

"Arseni, mshenzi wewe," alisema, ingawa chumba cha silaha hakikuwa na mtu.

Miaka kumi na minne alitunza silaha za filamu hapo Leningrad, na waigizaji wote aliwaambia neno lile lile: hata baruti tupu, ikifyatuliwa kichwani, inaua. Arseni Glebov, meja wa upelelezi aliyependwa na nchi nzima kila Ijumaa kwenye televisheni, alimjibu kwa kumbusu mkono. Kumbusu mkono! Sasa alikuwa amealikwa kiwanda cha soksi kukutana na watazamaji wake. Taisia alidandia tramu bila hata kufunga vifungo vya koti.

Ukumbi ulijaa. Glebov alikuwa jukwaani na sare yake ya umeja, kofia ameiweka mezani, na wafanyakazi walipanga foleni kupiga picha naye. Bastola ya chuma ilikuwa mkononi mwa msichana mmoja mfanyakazi wa mashine. Ameigusisha panjani, anacheka, kidole kiko kwenye kifyatuo.

"Hapo hapo, dada, tabasamu!" alisema mpiga picha.

"Itoe kichwani! Itoe!" Taisia alipanda jukwaa akisukuma watu, akamkamata msichana kifundo cha mkono, akampokonya bastola.

Glebov akacheka na ukumbi ukacheka naye. "Jamani, msiogope, huyu ni mama yetu wa vifaa. Mama Taisia, punguza munkari, unaniaibisha mbele za watu. Haina kitu hiyo."

"Haina kitu?"

"Nilizimaliza zote asubuhi."

"Ulipiga saba, Arseni. Nilikupa nane."

"Basi umehesabu vibaya, mama. Uzee huo."

Hasira zilimpanda Taisia. Aliichukua kofia ya meja, akaiweka sakafuni, akapiga goti na kuukandamiza mdomo wa bastola katikati yake. Wengine walikuwa bado wanacheka alipofyatua.

Mlio ulijaa ukumbi mzima. Moshi ulipopungua, kofia ilikuwa imepasuka tundu la kuingia ngumi, kingo zake zinaungua. Yule msichana alikaa chini pale pale, kiganja kwenye panja.

Taisia akamtupia Glebov kofia kifuani.

"Ivae, Meja. Wapige picha."

Glebov hakuivaa. Taisia akainama, akaliokota ganda la nane likiwa bado la moto, akaondoka nalo.