Pii Saba za Mheshimiwa

Kazi ya Nyibol redioni ilikuwa kuwafunika watu midomo. Alikaa kwenye chumba cha mitambo huko Thongpiny, Juba, ndege za misaada zikinguruma juu ya paa, na neno chafu likitokea kwenye wimbo alilipigia pii. Ukutani palibandikwa orodha ya maneno kumi na moja aliyoiandika Ustaz Wol, mkurugenzi wa stesheni, mtu mpole aliyeogopa vitu viwili: maaskofu na barua za serikali. Nyibol alikabidhiwa kipindi cha Kiswahili kwa kuwa alikulia Kitale, na Kiswahili kilimkaa kinywani kuliko lugha ya mama yake.

Ulikuwa mwaka 2015. Uhuru ulikuwa na miaka minne, vita vinakaribia miwili, dola inapanda kila wiki, na aliyekosa wa kumlaumu aliwalaumu wageni.

Jumatatu moja akashuka kwenye boda dada wa Kiganda, aproni ya sokoni bado kiunoni, flashi mkononi. Aliitwa Phiona. Aliuza nyanya soko la Konyo Konyo, na alirap popote penye spika.

"Nyabo, mimi naleta wimbo," alisema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

Nyibol akauweka. Mdundo ulikuwa wa haraka, sauti kavu na yenye kicheko ndani yake:

*Mnaniita malaya, mimi nauza nyanya,*
*Mchuzi wenu mtamu, nani anaufanya?*

Akausikiliza mara mbili kwa raha zake, kisha akampelekea Ustaz Wol. Mzee akavua miwani.

"Neno la tatu kwenye orodha. Amelitaja mara nne."

"Lakini Ustaz, hamtukani mtu. Anasema anavyotukanwa yeye."

"Pii haina masikio ya kujua nani anasema. Piga."

Akapiga. Wimbo ukatoka hewani ukilia kama lori linalorudi nyuma. Keshoye Phiona akapiga simu.

"Nyabo, umeniua! Soko yote nauliza mimi nilisema nini. Mzee moja ya samaki anafikiri nilitukana mama yake!"

Nyibol alicheka, na Phiona naye akacheka, ila si sana.

Alhamisi aliletwa mgeni wa mjadala, Mheshimiwa Madut, mjumbe wa kamati moja ya biashara. Aliwahi kuishi Nairobi ukimbizini na alipenda kusikika akimwaga Kiswahili.

"Shida ya masoko yetu ni hawa malaya wa nje," alisema, matangazo yakienda moja kwa moja. "Nyanya ni kisingizio tu."

Kidole cha Nyibol kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alimtazama Ustaz Wol kupitia kioo. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na mahubiri. Kidole kikafa ganzi. Hadi taarifa ya habari ilipoingia, Mheshimiwa alikuwa amelisema neno lile mara saba, na yote saba yalitoka safi kabisa.

Jioni Nyibol alikwenda Konyo Konyo. Alimkuta Phiona amechuchumaa, anaosha matope kwenye nyanya. Beseni lilikuwa limepasuka. Mwanamume mmoja asiyemjua alikuwa amekuja na redio sikioni, akamwita kwa neno lile na kulipiga beseni teke.

"Anasema redio imesema," Phiona alieleza bila kuinua kichwa. "Wimbo yangu mlipigia pii. Yeye, pii iliharibika?"

Nyibol akachuchumaa, wakaosha pamoja.

Kesho yake alimfuata Ustaz Wol ofisini.

"Yale ni maoni, Nyibol. Ule ni muziki."

"Neno ni lile lile, Ustaz."

"Na yule ni Mheshimiwa."

Mjadala ulikuwa urudiwe Jumamosi, na kuutayarisha ilikuwa kazi yake. Aliogopa, maana miaka ile mtu aliweza kuitwa mahali kwa sababu ya redio na asirudi haraka. Lakini hakukata kitu wala kuongeza kitu. Aliifuata orodha tu. Pii saba.

Jumatatu asubuhi Mheshimiwa aliingia bila kubisha.

"Mmenifanya nini? Watu wanadhani nimeitukana serikali! Nimepigiwa simu na watu wasiopiga simu za salamu!"

Ustaz Wol alilowa jasho. Nyibol akamgeukia mgeni.

"Mheshimiwa, tuwaambie ulisema nini hasa?"

"Nilisema... lile neno."

"Lipi?"

Madut alimtazama, akamtazama mama aliyekuwa akipiga deki mlangoni, akainamisha macho. Mle chumbani neno lilikataa kutoka.

"Basi kesho njoo, tupige sauti yako bila pii," Nyibol akasema, "halafu tupige na wimbo wenye neno hilo hilo. Hakuna atakayebaki na shaka."

"Fanyeni!" Madut alisema. Ustaz Wol alikubali upesi, mradi kelele ziishe.

Jumanne, Madut akiwa studioni, vikapigwa vyote viwili, wazi, kisha wasikilizaji wakafunguliwa simu. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke.

"Madut, ni mimi Natalina, dada ya mke wako. Meza yangu iko karibu na huyo binti wa nyanya. Na mimi umenihesabu?"

"Hapana, shemeji! Nilimaanisha wa nje."

"Aliyepiga teke beseni alinitukana mimi kwanza. Hakuuliza natoka wapi."

Nyibol akapandisha sauti ya maikrofoni taratibu, na Juba yote ikasikia Mheshimiwa akinong'ona: "Nilikosea."

Nyibol alipewa barua ya onyo, akahamishiwa matangazo ya vifo kwa miezi mitatu. Siku hizi kila mgeni husomewa orodha kabla ya kuketi, na Madut hajarudi tena. Mwenye teke hakujulikana. Beseni Phiona alilinunua mwenyewe.

Miezi hiyo mitatu ilipokwisha, Phiona alileta wimbo mwingine, kuhusu mkubwa anayeogopa kusema chumbani alilolisema redioni. Ustaz Wol aliusikiliza mara tatu, kalamu mkononi, akitafuta neno.

"Hamna kitu humu," akakiri. "Mbona unauma hivi?"

"Tuupige, Ustaz?" Nyibol akauliza.

Akaguna, akavaa miwani. "Piga. Baada ya habari."