Mkamuo wa Pili

Jeruto alikuwa hajapata usingizi wa maana wiki nzima, na si kwa shida, ni kwa furaha. Alhamisi hiyo alikuwa anakwenda Nakuru kununua prosesa. Wengine hukosa usingizi kwa ajili ya harusi. Yeye aliukosa kwa ajili ya kidude kinachoenea kiganjani, ambacho ndicho hufanya hesabu zote ndani ya kompyuta.

Sababu alikuwa nayo. Jumamosi wanachama wa ushirika wa maziwa kule kwao Rongai wangeamua kama watatumia programu aliyoiandika ya kupimia maziwa, au wabaki na vitabu vya mkono vilivyopoteza lita za watu kila mwezi. Programu ilikuwa bado na kasoro, na kila alipogusa mstari mmoja, kompyuta yake kuukuu ya mezani, inayotumia mfumo wa Linux, ilichukua dakika hamsini kuijenga upya ndipo aweze kuijaribu. Kwa mwendo huo angefika mkutanoni na kasoro zake zote. Akiba yake ilitosha prosesa moja tu, na ukutani mwa duka la Nakuru palibandikwa karatasi: bidhaa ikiuzwa hairudishwi.

Baba yake, Mzee Kemboi, alikuwa amekuja mjini kutafuta dawa ya kupe. Miaka yote aliwaambia majirani kwamba binti yake "anacheza na kompyuta", na leo alimfuata hadi dukani ajionee mchezo wenyewe unanunuliwa vipi.

"Chukua hii, madam," alisema Jerry, muuzaji. "Hii ndio moto saa hii. Watu wa gemu Nakuru mzima wanaitaka."

Ndiyo ileile Jeruto aliyoisoma mtandaoni mpaka akaikariri! Moyo ulimruka. Kando yake palikuwa na nyingine ya bei hiyohiyo, toleo la mwaka juzi, yenye kasi ndogo kidogo kwenye karatasi. Hakuitupia hata jicho. Alishatia mkono mkobani.

"Umeikamua?" akauliza Mzee Kemboi.

Jerry alicheka. "Mzee, hii si ng'ombe."

"Sijasema ni ng'ombe. Nimeuliza kama ameikamua."

Jeruto alitamani sakafu ipasuke immeze. Kisha akakumbuka flashi mbili zilizokuwa mkobani, zote zikiwa na Linux na programu yake nzima, akaona haya kwamba hakuwaza mwenyewe kuijaribu kwanza. Linux huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu cha mwenye mashine. Jerry alikuwa na kompyuta mbili za maonyesho, moja kwa kila prosesa. Wakachomeka, wakaziagiza zijenge programu kwa pamoja, na Mzee akavua saa yake ya mkono akaiweka mezani.

Ile moto ilimaliza kwa dakika sita. Nyingine ilichukua nane. Jeruto alipiga kelele hadi mteja mmoja akageuka. Kutoka hamsini hadi sita!

"Si nilikushow?" Jerry akasema.

"Rudia," akasema Mzee.

"Lakini imeshinda, baba!"

"Ukienda kununua ng'ombe, mwenyewe amemwacha bila kumkamua tangu jana. Kiwele kimejaa, unafurahi. Mkamuo wa kwanza ni wa yule anauza. Wa pili ndio wako. Rudia."

Wakarudia bila kuzipumzisha mashine. Ile moto ikatumia dakika nane. Wakarudia tena, feni yake ikalia kama posho mill inayosaga mahindi, na ikatumia kumi na moja. Ilikuwa imechemka, na prosesa ikichemka hujipunguzia kasi isiungue. Ile nyingine ilitumia nane, kisha nane tena, feni yake haisikiki.

"Aki mimi sikujua," Jerry alisema, akikuna kichwa.

Jeruto alikuwa anacheka peke yake. Alikuwa amebakiza dakika moja tu kununua kiwele kilichojaa. "Nifungie hii tulivu," akasema.

Ijumaa alifanya kazi akiimba. Kila rekebisho, dakika nane, na kabla ya saa kumi alasiri hapakuwa na kasoro hata moja. Jioni baba yake alileta ndoo ya maziwa kutoka zizini kwake, akamwambia ayapime kwa hiyo programu. Asubuhi akaleta tena.

Mkutanoni Jeruto alieleza vizuri, lakini mwenyekiti, Mzee Mwaura, alikunja uso. "Iko sawa hapa, mbele yetu. Tutajuaje haitatuangusha asubuhi, laini ya watu ikiwa ndefu?"

Nyuma kabisa, Mzee Kemboi akasimama na kuvua kofia.

"Imekamuliwa," alisema. "Jioni na asubuhi. Nilikuwa hapo."

Ukumbi mzima ulikuwa wa wafugaji. Mwaura alimtazama Kemboi, akamtazama Jeruto, kisha akawa wa kwanza kuinua mkono. Jeruto alianza kuhesabu mikono iliyofuata, akashindwa kufika hata kumi kwa sababu ya machozi.