Kitambaa Chenye Hewa Ndani

Marlène Mushiya alikuwa na tabia moja iliyowachekesha majirani wake wa mtaa wa Manika, Kolwezi: hakuweza kuona kitu laini akakipita. Mto wa mtu, koti la baridi la mtu, lazima akifinye, akiachie, atazame kinavyoinuka. Msimcheke bure. Baba yake alishona magodoro maisha yake yote, na yeye alikulia ndani ya sufi, akiichambua kwa brashi mbili za misumari. Kuna watoto wanaoota wanaruka. Yeye aliota amelala katikati ya sufi, anaona kila uzi wake, na kati ya uzi na uzi kuna nafasi, na kwenye nafasi hewa imekaa kimya.

Mwaka huu ndoto ilirudi, na safari hii ilikuja na vumbi. Mume wake, Benoît Kanyinda, alikuwa anasimamia mashine ya kusaga mawe ya shaba katika depo moja ya kununulia madini nje ya mji. Alikohoa miezi mitano. Daktari akamwambia waziwazi kwamba kifua kimeanza kuharibika: avae maski kazini, ama aache kazi. Kazi hakutaka kuiacha. Maski nazo alizitupa zote, moja baada ya nyingine, maana zilimkaba.

Sasa katika ndoto Marlène aliliona vumbi likiingia ndani ya sufi kama mgeni katika nyumba ya vyumba vingi. Linapinda huku, linapinda kule, linachoka, linakaa, linalala. Hewa yenyewe inapita tu, haina mzigo. Alipoamka, chai ilimpoa mkononi. Watu wote, na wenye maduka ya dawa pia, wanafikiri kuzuia vumbi ni kubana. Kumbe ni kuacha nafasi!

Basi akaanza. Binamu yake Fifi, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro Lubumbashi, alimtumia mfuko wa nyuzi zinazoyeyuka upesi kuliko nyingine. Marlène alizichanganya na sufi na manyoya ya blanketi kuukuu, akachambua, akatandaza tabaka tano: moja kwa urefu, moja kwa upana, zile nene mbele, zile laini kabisa upande wa mdomo. Hakuna kufuma, hakuna kushona. Kisha akaenda kwa Mama Annie anayeoka mikate, akaomba tanuri likishatoa mikate, joto likiwa limepungua. Zile nyuzi zikayeyuka kidogo tu, zikashikana na nyingine pale zilipogusana, na kitambaa kikabaki kimesimama, kinene na chepesi. Aliweka kipande mdomoni, akapuliza mshumaa, moto ukainama. Akapuliza unga wa makaa upande mmoja. Upande wa pili ulibaki mweupe. Alicheka peke yake kama kichaa.

Benoît alitazama, akatikisa kichwa, akasema atajaribu mara moja tu. Ikimkaba, asisikie tena habari ya maski humo nyumbani. Na Benoît akisema neno, amesema.

Jumamosi Marlène aliitwa kwenye matanga huko Kisenge. Aliacha vipande vyake kwenye kamba vitoke harufu ya moshi, akamwomba mama mkwe wake, Mama Kankolongo, avianue na kuvitia ndani ya vifuko vya maski alivyokwisha kuvishona. Mama Kankolongo ni mjane wa mfanyakazi wa mgodi, mtu wa mikono safi. Alifanya yote aliyoombwa, akaongeza la kwake.

Jumatatu jioni Marlène aliporudi alimkuta mume wake amekaa nje, macho mekundu, anakohoa mpaka mabega yanaruka. Maski ilikuwa chini. Alikuwa ameivua saa ya kwanza tu, na siku nzima akala vumbi.

"Ulisema iko na hewa ndani," Benoît akamwambia. "Hewa iko wapi?"

Marlène alifungua kifuko. Kitambaa kilikuwa bapa, kigumu kama karatasi. Alikinusa, akajua: pasi. Alikasirika, akaenda nyuma ya nyumba asije akamtukana mzazi wa mtu.

Mama mkwe alimfuata huko. "Mi njo nilipiga pasi," akasema. "Mvua ilivinyeshea kwenye kamba. Na ile inzi inatagaka mayai mu nguo ya mubichi, unajua. Mutoto wangu aweke kitu ya inje kwenye kinywa bila pasi?"

Marlène angejibu nini? Kolwezi nzima inapiga pasi kila kilichoanikwa, taulo, nepi, hata soksi, la sivyo funza anaingia chini ya ngozi. Alimweleza polepole kwamba joto bila uzito linakisimamisha kitambaa, na joto lenye uzito linakilaza moja kwa moja. Mama Kankolongo alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alipanda basi la Lubumbashi bila kuaga, akarudi siku ya tatu na mfuko wa nyuzi mapajani. Walichambua wote wawili, wakaoka kwa Mama Annie, wakaanika ndani ya nyumba, bila pasi.

Benoît alisema neno lake ni neno.

"Ile uliivaa haikuwa ya Marlène bibi yako, ilikuwa ya mi," mama yake akamwambia. "Ya bibi yako haujaivaa bado."

Benoît akaichukua ile mpya. Akaivaa, Jumatatu iliyofuata, tangu asubuhi mpaka mashine inazimwa. Alirudi amechoka kama kawaida, bado anakohoa kidogo, lakini alikula sahani nzima. Haikunikaba, alisema, na Marlène akajisikia mwepesi, karibu aruke.

Mama Kankolongo alikitoa kile kitambaa, akakipasua kwa kucha, tabaka baada ya tabaka, akayapanga kwenye mkeka. La kwanza jeusi. La pili lina rangi ya majivu. La tatu limefifia, la nne karibu safi. La tano, lililogusa mdomo, jeupe.

Akaweka kidole kwenye lile jeusi. "Hii yote ni ya siku moja?"

"Ya siku moja, mama."

"Tata yako, marehemu bwana yangu, alifanya miaka makumi tatu na moja kwenye mashine," akasema. "Vumbi yake ilikuwa inaenda wapi?"

Benoît aliangalia lile tabaka jeusi. Akateremka kitini, akakaa kwenye mkeka karibu na mama yake, na wanawake wote wawili wakamsikia anavuta pumzi.