Mji Niliopewa na Bi Vizuri Sana

Jina la Bi Vizuri Sana tulimbandika sisi, mimi na mkamwana wangu. Ukimwambia kwa Kiingereza jina lako nani, anasema vizuri sana. Ukimwambia mumeo alikufa, anasema vizuri sana, halafu anajiziba mdomo. Alikuwa binti wa chuo, mwembamba kama ufito, koti lake kubwa kumshinda. Kila Jumamosi alikuja bila kulipwa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, akapanga viti vya plastiki mduara, akachemsha maji ya chai, akakaa na sisi wageni tuongee Kiingereza mpaka ndimi zilainike.

Mimi nilikuwa msindikizaji tu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini vitendawili ninavyo gunia zima, na binti alivipenda. Mkamwana anatafsiri, binti anakuna kichwa. Siku moja nikamtegea: nimekwenda naye sokoni, kisimani na mazikoni, sijamsikia hata akikohoa. Akashindwa. Nikamwambia kwetu anayeshindwa hutoa mji kwanza, ndipo aambiwe jibu. Akachungulia dirishani, akacheka.

"Basi bibi, chukua huu."

Huu huu tunaokaa. Nikapokea, nikamwambia jibu ni kivuli. Tangu hapo nikipita mitaani natembea kwa maringo, namkataza mkamwana asinitupie maganda ya ndizi mjini kwangu.

Ila mji wangu ulikuwa na pengo moja: mjukuu wangu hakuwamo. Siku tuliyokimbia, mtoto alikuwa shuleni ng'ambo ya mto, na watu wenye bunduki wakafunga daraja. Mama yake alisimama pale akiita mpaka akakokotwa. Mtoto akaokotwa na jirani, na yuko kwake mpaka leo. Ili aletwe, ilibidi mkamwana aende mbele ya afisa wa uhamiaji, aeleze kwa kinywa chake alivyotenganishwa na mtoto, na afisa aamue kama asemayo ni kweli.

Bi Vizuri Sana aliposikia hivyo akaweka vitendawili kando. Wakaanza kuifanyia mazoezi habari ile. Mwanzoni mkamwana akifika kwenye daraja sauti inakatika, machozi yanamwagika, Kiingereza chote kinampotea. Binti akampa kitambaa, akamfundisha avute pumzi kabla ya kutaja daraja, amtazame mtu usoni, atabasamu kidogo, aanzie mwanzo na kuishia mwisho. Basi akikunja mashuka kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, anasema. Akisugua sufuria nyumbani, anasema. Mimi nisiyejua maneno nikaishika kama wimbo. Jumamosi moja akaisema yote, hakukwama, hakudondosha chozi. Wageni wakapiga makofi. Nami nikapiga, lakini si kwa moyo wote, sikujua kwa nini.

Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, si mtu mbaya. Akauliza kama tunataka mkalimani, ambaye alikuwa ameketi pale pale akisubiri. Mkamwana akasema hapana, asante, ataongea mwenyewe. Ndivyo alivyoshauriwa na Bi Vizuri Sana, kwamba wakiona amejitahidi watampenda. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma, mdomo nimefunga.

Akaanza. Sauti ikapanda pale inapopanda siku zote, ikashuka pale inaposhuka. Kabla ya daraja akavuta pumzi. Hapo afisa akamkatiza, akamwuliza asubuhi ile mtoto alivaa nini.

Jambo dogo kabisa. Kwa lugha yetu angelijibu hata usingizini: sweta la kijani lililong'oka kifungo, alikuwa anamshonea mtoto akamponyoka akakimbilia shule. Lakini kwenye Kiingereza chake sweta halikuwamo. Akarudi mwanzo, jina langu fulani, mimi ni mama wa mtoto mmoja, kama mtoto wa shule aliyekatizwa shairi. Afisa akauliza tena. Akarudi mwanzo tena, na lile tabasamu lake likiwa pale pale usoni. Afisa akaweka kalamu mezani.

Nikasimama, nikasema sweta la kijani. Mkalimani akaniambia afisa anasema niketi au nitoke.

Wiki iliyofuata tukaitwa, mkalimani akatupa jibu taratibu, macho ameyainamisha. Mwombaji amekariri maelezo aliyofundishwa. Hana uchungu wa mzazi. Ombi limekataliwa.

Jumamosi nikamburuta mkamwana mpaka maktaba, nikitaka binti asikie kutoka kwetu. Akasikia. Akakitua kikombe.

"Lakini alikuwa anaongea vizuri sana," akasema, na hayo nayaelewa bila tafsiri.

"Ndiyo mwanangu, vizuri sana," nikamjibu kwa lugha yangu. "Mpaka mama mtu akaonekana mwongo. Na mji wako huu nakurudishia, sina kazi nao."

Mkamwana hakuyatafsiri hayo. Binti alikuwa ameshaanza kulia, mabega yanamcheza ndani ya lile koti. Mkamwana akatoa mfukoni kile kitambaa alichopewa naye, akamfuta machozi, akamwambia kwa Kiingereza safi asijali.

Nyumbani nikamketisha mkamwana kitandani, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia, mwanangu, hapa hakuna afisa wala mwalimu. Niambie mimi, kwa lugha yetu, habari ya siku ile, tulie wote tuimalize.

"Sawa, mama," akasema.

Akaanza kwa kunitajia jina lake. Akasema yeye ni mama wa mtoto mmoja. Alipolikaribia daraja akavuta pumzi, akanitazama usoni.