Ng'ombe wa Gidabuday Kanisani

Mwinjilisti Onesphory alikuwa amemaliza kusoma matangazo ya kwaya na ya zamu za kufagia, ndipo ng'ombe walipoingia kanisani. Waliingia mmoja mmoja kama watu waliochelewa, wakalala katikati ya mabenchi na kuanza kucheua. Bernadina wa kwaya alivuta joho lake lisilaliwe.

Kila mtu pale Gendabi aliwafahamu. Walikuwa ng'ombe kumi na tisa wa Gidabuday, waliokufa kwa kiu kiangazi kile. Ngozi zao zilikuwa bado zimewambwa juani bomani kwake, lakini kila mmoja alikuja na yake.

Walikufa kwa sababu njia ya kwenda lamboni ilifungwa. Mzee Hermani, katibu wa baraza la wazee wa kanisa, alikuwa amenunua trekta, akapata na karatasi ya ardhi, akalima mpaka ukingoni mwa maji na kuzungushia senyenge. Gidabuday akawapeleka ng'ombe wake kutafuta maji ya mbali, nao hawakufika.

Mwaka huo Manyara ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa mkoa, na wakubwa wa kanisa walitaka wainjilisti wote wahubiri juu ya mabadiliko: mkoa mpya, soko huria, simu za mkononi, na Mkristo asiachwe nyuma. Onesphory alikuwa ameyaandika hayo yote. Alipowatazama ng'ombe, alikunja karatasi, akahubiri habari za mfalme aliyelitamani shamba la jirani yake mpaka akamuua. Watu wakaitikia amina. Mlangoni, Mzee Hermani alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Leo umetugusa, Mwinjilisti," alisema, akaruka mkia wa ng'ombe na kwenda zake.

Jumapili iliyofuata ng'ombe walirudi, na Onesphory akalitaja lambo. Jumapili ya tatu alimtaja Hermani kwa jina. Hermani alisimama, akakiri kwamba neno limemchoma, akaomba usharika umwombee. Wakamwombea kwa muda mrefu, wengine kwa machozi. Kisha akaketi. Senyenge ilibaki palepale.

Onesphory alikwenda ofisi ya ardhi kuuliza juu ya ile karatasi ya Hermani. Karani alimjibu kwa adabu kwamba mafaili bado yanagawanywa kati ya mkoa wa zamani na mpya, na la Gendabi halijajulikana liko upande gani. Akarudi kwa miguu, sauti imekauka.

"Wangenipiga mawe ningejua wamesikia," alimwambia mkewe, Rogathe.

Rogathe alimsogezea sahani ya ugali. "Na haya mahindi, unajua yametoka shamba gani?"

Alijua. Mzee Hermani ndiye aliyeilisha nyumba ya mwinjilisti tangu walipohamia kutoka Dongobesh. Onesphory aliisukuma sahani, akakaa akiitazama. Baadaye njaa ilimshika, akala.

Siku moja Gidabuday mwenyewe alifika wakati wa ibada. Hakuwa Mkristo, kwa hiyo alisubiri nje na fimbo yake, akiwaita ng'ombe wake kwa majina kupitia dirishani. Nao walitikisa masikio. Ibada ilipokwisha Onesphory alimwendea, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Hawa wanakuja kwako kila juma. Wanataka nini?"

"Maji, mzee."

"Basi waambie watu wako."

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema amina."

Gidabuday alilifikiria neno hilo kidogo. Akauliza kama kwa lugha ya kanisa lina maana ya kwamba njia itafunguliwa. Onesphory alisema hapana. Aibu ikamfanya aangalie viatu vyake.

Kufikia Kwaresima baraza la wazee liliona kwamba ng'ombe ni wahudhuriaji waaminifu, na kwamba wanabanana mno mlangoni. Likaamua mlango upanuliwe. Mzee Hermani alitoa saruji, na trekta lake likabeba mawe wiki nzima. Onesphory alipinga peke yake kikaoni. Wakamshukuru kwa mawazo yake, wakayaandika, wakamwomba afunge kikao kwa sala.

Siku ya kuufungua mlango watu walijaa. Onesphory alihubiri kwa sauti iliyobaki, akasema wazi kwamba wamewapanulia wafu mlango na kuwanyima walio hai njia. Kwaya ikaimba vizuri kuliko siku zote. Ng'ombe waliingia wawili wawili bila kugusana, wakalala, ndimi nje.

Gidabuday naye alikuwa amealikwa, akapewa kiti nje, karibu na mlango mpya. Hakukaa mpaka mwisho. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe wanne wazima, na ilimbidi aondoke mapema, kwa maana maji yalikuwa mbali.