Ponsian Ahesabu Mimba

Mkewe Verdiana alipokuwa mjamzito, Ponsian alikwenda naye kliniki mara moja tu. Ilikuwa Machi, mvua zimeharibu njia, na mama yake alikuwa amemwambia kwamba akimwacha mwanamke mzito apande bodaboda peke yake kwenye matope ya Inyonga, asije kwake kula.

Nesi Immaculata alieleza mambo ya mwezi wa mwisho: miguu kuvimba, pumzi kuwa fupi, kukojoa kila mara, tumbo kukaza na kuachia. "Uso ukivimba, kichwa kikiuma sana, au mkiona damu, msisubiri kesho," alisema. Wanaume wengine wawili waliuliza maswali. Ponsian hakusikia lolote. Alikuwa anasoma kadi ya mkewe: umri wa mimba, wiki thelathini na saba.

Nyumbani alishusha kalenda ya mwaka jana ukutani, akarudi nyuma wiki moja moja mpaka akafika tarehe ishirini na mbili Juni. Juni yote alikuwa porini, kambi ya asali. Alirudi tarehe tatu Julai.

Mwanaume mwingine angemuuliza mkewe. Ponsian akaitisha kikao.

Jumapili baada ya misa walikuja mama yake, Nyanzala, na mjomba wa Verdiana, Sixte, fundi baiskeli. Verdiana aliketi ameinua miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ponsian alisimama na koti lake la harusi.

"Wazazi wangu, mimi si msomi, lakini hesabu haina upendeleo," alianza.

"Samahani," Verdiana akasema, akaenda chooni.

Wakamsubiri. Aliporudi, Ponsian alianza upya, akafika kwenye safari ya porini, tumbo la mkewe likakaza. Verdiana akafumba macho, akapumua polepole. Wakasubiri tena. Lilipoachia, akaenda chooni mara ya pili. Sixte alikuwa anasinzia Ponsian alipofika kwenye shtaka lenyewe.

"Mimba hii imeanza mimi niko porini. Nataka huyo mtu atajwe."

Sixte akazinduka. Nyanzala alichukua kadi, akampa Verdiana.

"Nisomee, mkwe wangu. Hiyo tarehe ya Juni wameandika ni ya nini?"

"Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho," Verdiana akasoma. "Wanaanza kuhesabu hapo. Mimba yenyewe inaingia baadaye, kama wiki mbili hivi."

Nyanzala akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo unamtafuta mwanaume aliyempa mke wako hedhi."

"Nesi alitakiwa aeleze," Ponsian akasema.

"Alieleza siku ya kwanza," Verdiana akajibu. "Siku uliyosema kliniki ni mambo ya wanawake."

Sixte alikuwa anahesabu kwa vidole. "Wiki mbili zinaangukia tarehe sita Julai. Wewe si ulirudi tarehe tatu?"

"Alirudi," Verdiana akasema. "Hata moshi wa nyuki hakuusubiri umtoke." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mjomba, nitakaa kwako mpaka nijifungue. Ni karibu na kituo cha afya, na kwako hakuna kalenda."

Aliondoka jioni hiyohiyo. Ponsian akawa anakwenda kumsalimia kila siku, na kila siku alipewa kiti cha nje. Chupa ilipopasuka, asubuhi ya tarehe mosi Aprili, mke wa Sixte ndiye aliyemsindikiza. Ponsian alipopata habari, mtoto wa kike alikuwa ameshazaliwa, na wanawake wa bombani walikuwa wameshamaliza kumcheka, wameanza upya.

Verdiana alirudi nyumbani baada ya siku arobaini, kwa sharti kwamba mumewe aombe radhi mbele ya watu walewale. Aliomba. Ilimchukua dakika moja, mtu aliyechukua saa nzima kushtaki. Verdiana alisema amesikia, akamkabidhi beseni la nepi.